Soko la Vipuri: Matairi Kwanza, Springi Baadaye

Majira ya baridi yakipita nchini Uingereza, wenye magari madogo yenye injini kali huyapeleka viwanjani: Brands Hatch, Silverstone, Castle Combe. Siku hizo hakuna mashindano wala kikombe. Mtu hulipa kiingilio, huzunguka uwanja kwa vipindi, na jioni hurudi nyumbani kwa gari lile lile. Wauza vipuri huchangamka, na wateja wengi hupoteza fedha kwa kununua bidhaa nzuri kwa mpangilio mbaya.

Gari lenyewe ni la aina ya Volkswagen Golf GTI iliyotoka mwaka 1976, au Peugeot 205 GTI ya 1984. Siku hizi Honda Civic Type R imo katika kundi hilo. Kwa sehemu kubwa magari haya huvutwa na magurudumu ya mbele, na hesabu yote inaanzia hapo. Tairi la mbele linavuta, linageuza gari, na linabeba sehemu kubwa ya kazi ya breki. La nyuma linafuata tu. Ndiyo maana baada ya siku moja uwanjani matairi ya mbele huweza kuwa yameliwa bega la nje huku ya nyuma yakionekana kama hayajatembea.

Bega la nje huliwa kwa sababu gari linapolala kwenye kona, gurudumu nalo hulala kwa nje, likikanyaga lami kwa ukingo badala ya uso mzima. Dawa yake ni rahisi kuliko wauzaji wanavyopenda isemwe: fundi wa alaimenti huyainamisha magurudumu ya mbele kwa ndani, upande wa juu, kiasi cha nyuzi 2 hadi 3. Baadhi ya magari hukubali kidogo tu bila kifaa cha ziada. Mengine huhitaji sahani za kurekebishia juu ya shokapu. Kwa vyovyote, ni kazi inayoweza kurudisha gharama yake kwa matairi yanayookolewa.

NAMBA UBAVUNI

Mnunuzi asiyejua matairi aanze na namba ya uchakavu iliyoandikwa ubavuni kwa utaratibu wa Marekani. Michelin Pilot Sport 4S, tairi la barabarani, lina 300. Yokohama Advan A052 lina 200. Toyo Proxes R888R lina 100. Namba ikishuka, kwa kawaida mpira ni laini zaidi, unashika zaidi na unakwisha mapema. Tahadhari: namba hiyo viwanda hujipangia vyenyewe baada ya majaribio yao, hivyo 200 ya kiwanda kimoja si lazima ilingane na 200 ya kingine.

Kwa mfano wa hesabu tu, seti ya pauni 600 inayodumu siku 10 za uwanja inagharimu pauni 60 kwa siku. Seti ya pauni 900 inayokwisha kwa siku 5 inagharimu pauni 180. Anayekwenda uwanjani mara mbili kwa mwaka hana haja ya ile ya pili. Atapata furaha ile ile kwa tairi zuri la barabarani, na mvua ikinyesha, jambo la kawaida Uingereza, atafika nyumbani. Matairi ya nusu kipara kama R888R hayapendi maji yaliyotuama barabarani.

Nguvu ya tairi si maneno ya matangazo. Mwaka 2019 Renault Mégane R.S. Trophy-R ilizunguka njia ya Nürburgring, Ujerumani, yenye urefu wa kilomita 20.832, kwa dakika 7 na sekunde 45.389. Ili kufika hapo Renault ilipunguza uzito wa gari kwa kilo 130, ikaondoa hata kiti cha nyuma, na kufunga shokapu za Öhlins. Mwaka 2023 Civic Type R ikaivuka kwa nusu sekunde, dakika 7 na sekunde 44.881, ikiwa na matairi ya Michelin Pilot Sport Cup 2 Connect.

Upepo nao ni akiba isiyolipiwa. Tairi likipata moto uwanjani, upepo hupanda kwa pauni kadhaa. Dereva anayeingia na kipimo cha barabarani na asipunguze atakuwa akiendesha juu ya puto, kisha alaumu tairi.

SHOKAPU NA SPRINGI

Hasara kubwa zaidi iko hapa. Kishawishi cha kwanza cha kijana mwenye gari la kasi ni springi fupi: bei ya chini, gari linakaa chini, linapendeza. Lakini shokapu za zamani hazikutengenezwa kwa springi hizo. Gari hukosa nafasi ya kucheza, hugonga vizuizi, na mikono ya chini ikipinda kwenda juu kupita usawa wake, gari huweza kulala zaidi kwenye kona licha ya springi kuwa ngumu.

Penye shokapu zilizochoka, mpya za kiwango cha kiwandani na raba mpya huleta mabadiliko ambayo wengi hudhani yanahitaji seti ya Bilstein au KW. Seti hizo ni nzuri, lakini ni za mtu aliyekwisha kumaliza seti mbili za matairi na anajua gari lake linakosa nini. Na za kiwandani zisitupwe. Siku ya kuuza gari, mnunuzi ataziulizia.

MITUMBA YA UWANJANI

Kwa wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wanaonunua vipuri vilivyotumika Uingereza, hatari iko kwenye tairi lililotoka uwanjani. Sheria ya huko inataka tairi lililotumika liuzwe likiwa na meno ya angalau milimita 2 na alama ya kuwa limetumika. Lakini tairi laini lililochemka na kupoa mara nyingi hugeuka gumu hata kama meno yapo. Ukucha ukikandamiza bila kuacha alama, au bega la nje likiwa na vipande vya mpira vilivyoyeyuka na kuganda, lisinunuliwe kwa bei ya tairi la barabarani.

Tarehe nayo isomwe. Tangu mwaka 2000 mwisho wa alama ya DOT una tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mwenye mtaji mdogo anayeweka matairi laini mapya dukani anapaswa kukumbuka kuwa yanazeeka yakiwa rafuni, na kwamba saizi ndiyo inayoamua yatakaa muda gani. 225/40R18, inayoingia Golf GTI nyingi za rimu ya inchi 18, hupata wanunuzi. 245/30R20 ya Civic Type R ya 2017 iagizwe pale tu mteja alipokwisha kuweka arubuni.