RAFADHA NA PINI YAKE

Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Mimi ni mzaliwa wa kisiwa cha Pate, na vyombo vinavyoelea nimeviona tangu sijajua kusema: madau, mashua, majahazi na boti za mashine. Hata hivyo nakiri mbele yenu kwamba hadi kidato cha pili sikujua ni kitu gani hasa kinachoisukuma boti ya mashine. Ungeniuliza, ningekujibu, "Si mashine?" nami nikadhani nimejibu. Aliyenifunza hakuwa mwalimu. Ni kipande cha chuma kisichozidi urefu wa kidole changu cha mwisho, na kilinifunza siku ambayo sikuwa na haja ya masomo kabisa.

Ilikuwa likizo ya Agosti. Bibi yangu aliamka amekabwa na pumu, na hadi jua linapanda alikuwa hawezi kumaliza sentensi moja bila kutafuta pumzi. Ikaamuliwa apelekwe hospitalini Amu. Mjomba wangu, ambaye ni mvuvi, akatayarisha boti yake, tukamlaza bibi juu ya godoro, tukang'oa nanga kutoka Faza. Njia ya kwenda Amu hupitia mlango wa Mkanda, ulio baina ya kisiwa cha Manda na bara. Ni mlango mwembamba, mikoko kushoto na kulia, na wakati ule maji yakipwa sana chombo kikubwa kilikuwa hakipiti. Sisi tulichelewa kutoka. Tulipoingia Mkanda maji yalikuwa yanakimbia kwenda zake.

Mara tukasikia "Kwa!" chini ya boti. Mashine ikanguruma kwa sauti kali kuliko mwanzo, lakini ajabu ni kwamba boti ikapoteza mwendo, ikasimama.

"Mjomba, ongeza moto!" nikapiga kelele.

"Hata nikiongeza mara kumi haiendi," akanijibu, akaizima. "Mashine yazunguka, propela haizunguki. Pini imekatika. Hebu nipe lile kopo la vipuri."

Nikampa. Akalifungua. Mlikuwa na plagi kuukuu na kipande cha waya, basi. Pini za akiba hazimo. Mjomba akashangaa, akasema yeye mwenyewe aliziweka tatu. Mimi nilinyamaza, maana nilijua zilipo. Siku nne kabla ya hapo nilikuwa nimezichukua nikamtengenezea mdogo wangu gari la makopo. Zilikuwa za shaba, zinang'ara, nami niliziona kama vijiti visivyo na maana.

Hapo nikiache kisa kidogo, ndugu msomaji, kwa sababu huwezi kuelewa uzito wa kosa langu kabla hujaelewa propela ni nini. Katika Kiswahili sanifu jina lake ni rafadha.

Chombo chochote huenda mbele kwa kusukuma kitu kingine nyuma. Hii ni kanuni aliyoiandika Isaac Newton mwaka 1687, nasi twaikariri katika fizikia: kila kani ina kani nyingine iliyo sawa nayo na inayoelekea upande wa pili. Mwenye upondo husukuma ardhi ya chini ya maji. Mwenye kafi au kasia husukuma maji yenyewe. Maji yakienda nyuma, chombo huenda mbele. Ila kasia lina hasara yake. Ukishalivuta lazima ulinyanyue na kulirudisha, na wakati wa kulirudisha husukumi kitu.

Mashine za mvuke zilipopatikana, watu walifikiria jambo lililo jepesi kulifikiria: chukua makasia mengi, uyapange kwenye gurudumu, kisha gurudumu hilo lizungushwe na mashine. Hapo kasia moja likitoka majini, jingine linaingia. Mwaka 1807 Mmarekani Robert Fulton aliisafirisha meli ya magurudumu ya namna hiyo katika mto Hudson, kutoka New York hadi Albany. Ni safari ya kilomita 240 hivi, nayo ilichukua saa 32 za mwendo.

Mtoni magurudumu yalifaa sana. Baharini yalikuwa na taabu. Meli ikilalia upande kwa mawimbi, gurudumu moja huzama mno na jingine huzunguka hewani bure. Katika safari ndefu, kadiri makaa ya mawe yanavyochomwa ndivyo meli inavyokuwa nyepesi na kuinuka, na makasia yakawa hayagusi maji sawasawa. Na kwa manowari, magurudumu yaliyo nje ubavuni yalikuwa shabaha nzuri ya mizinga ya adui.

Dawa ilikuwa kukitia kisukumaji chini kabisa ya maji, nyuma ya meli. Wazo lenyewe lina asili ya kale. Archimedes, mtaalamu Mgiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, anahusishwa na parafujo ndefu iliyozungushwa ndani ya mfereji ili kupandisha maji. Sasa fikiri: ikiwa parafujo iliyosimama mahali pamoja huyasukuma maji, basi parafujo iliyofungwa kwenye meli itayasukuma maji nyuma na meli itakwenda mbele. Wengi walijaribu jambo hilo, lakini mwaka 1836 watu wawili walipata hataza Uingereza, kila mmoja kwa muundo wake: mkulima Mwingereza aitwaye Francis Pettit Smith na mhandisi Mswidi John Ericsson.

Parafujo ya Smith ilikuwa ya mbao na ilijizungusha mara mbili kamili, mfano wa parafujo ya seremala. Mwaka 1837 alipokuwa akiijaribu katika mfereji mmoja wa London, iligonga kitu ikavunjika, kikabaki kipande cha mzunguko mmoja tu. Bila shaka alidhani kazi imeharibika. Kumbe boti ikaongeza mwendo! Sehemu ile ya ziada ilikuwa ikisuguana na maji tu bila faida. Tangu hapo parafujo ikazidi kufupishwa, hadi tukapata mapanga mafupi tunayoyaona leo.

Wakuu wa jeshi la majini la Uingereza hawakuridhika upesi. Mwezi wa Aprili 1845 waliziunganisha kwa kamba manowari mbili, tezi kwa tezi: Rattler iliyokuwa na rafadha, na Alecto iliyokuwa na magurudumu. Zikavutana kama wanafunzi wanaovuta kamba siku ya michezo. Rattler iliikokota Alecto kinyumenyume kwa zaidi ya maili mbili za baharini kwa saa. Kwa haki ni lazima niseme kwamba mashine ya Rattler ilitoa nguvu zaidi siku ile, kwa hivyo lile halikuwa jaribio la haki kama tunavyofundishwa maabarani. Lakini mwaka uo huo meli kubwa ya chuma Great Britain, iliyobuniwa na mhandisi Brunel, ilivuka bahari ya Atlantiki kwa rafadha, na mjadala ukafifia.

Sasa tuitazame rafadha yenyewe. Katikati pana kitovu, na kwenye kitovu pameota mapanga, mara nyingi matatu. Kila panga limepinda kwa mshazari, si bapa kama sahani. Likizunguka, uso wake mmoja huyasukuma maji nyuma, na upande wa pili huyavuta mengine kutoka mbele. Ukitaka kurudi nyuma huhitaji kuigeuza rafadha; gia huigeuza njia ya kuzunguka, na maji yakasukumwa mbele.

Rafadha huuzwa kwa vipimo viwili: upana wa duara lake, na umbali ambao ingesogea kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa magumu kama ubao. Tuseme umbali huo ni inchi 10, yaani kama sentimita 25. Ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, ingesogea mita 500, sawa na kilomita 30 kwa saa. Lakini maji si ubao. Hukimbia kidogo panga linapoyasukuma. Tukichukulia kwamba sehemu moja kwa tano hupotea kwa kuteleza huko, boti itakwenda kilomita 24 kwa saa. Fanyeni hesabu hiyo wenyewe, si ngumu.

Katika boti nyingi za kwetu mashine huning'inizwa nyuma, kwenye tezi. Ole Evinrude, Mnorwe aliyehamia Marekani, alianza kuziuza za aina hii mwaka 1909. Injini iko juu. Shafti hushuka wima hadi chini ya maji, gia huugeuza mzunguko uwe wa kulala, na shafti fupi huizungusha rafadha. Na hapa, ndugu msomaji, ndipo ilipo pini yetu. Katika mashine ndogo nyingi, shafti na rafadha hazikushikamana kwa nguvu zao. Pana tundu linalopenya vyote viwili, na humo hutiwa pini. Nguvu zote za mashine hupita katika kijiti hicho.

Mbona basi kisiwe cha chuma kigumu kuliko vyote? Hilo ndilo swali nililomuuliza mjomba kwa vitendo pale Mkanda. Kwa aibu yangu niling'oa msumari kwenye ubao wa boti nikamwambia, "Mjomba, tutie huu. Huu haukatiki!"

Akanitazama. "Kutokatika ndiko ubaya wake. Pini imewekwa laini makusudi. Propela ikigonga mwamba husimama ghafla, na mashine juu bado yazunguka. Lazima kitu kimoja kikubali kuvunjika. Leo imekubali pini. Ukitia msumari itavunjika gia, na gia hatuipati hapa wala Amu leo. Tutalala papa hapa na bibi yako."

Baadaye shuleni nilikumbuka fyuzi ya umeme. Fyuzi huungua ili nyumba isiungue. Pini nayo hukatika ili mashine isalimike. Na ile kelele kali niliyoisikia sababu yake ni hiyo hiyo: mashine ilikuwa imetuliwa mzigo, ikawa yazunguka bure. Mashine kubwa zaidi siku hizi hutumia mpira uliobanwa ndani ya kitovu, nao huteleza panga likigonga kitu, lakini nia ni moja.

Basi tulifanya nini? Tulirudi kwa babu zetu. Mjomba alichukua upondo na mimi nikachukua kafi, tukaisukuma boti nzito ile baina ya mikoko, maji yakiendelea kutukimbia. Pumzi za bibi zilikuwa zikilia kama filimbi. Kila nilipopiga kafi niliziona zile pini tatu zikizunguka chini ya gari la makopo. Baada ya muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko mtihani wowote, ilitokea boti iliyokuwa ikitoka Amu. Nahodha wake alikuwa na mashine kama ya mjomba, akatupa pini moja. Mjomba aliinua mashine, akachomoa pini ya kufungia kwa koleo, akaitoa rafadha, akavisukuma nje vipande vilivyokatika, akatia pini mpya. Kazi yote haikufika dakika kumi. Dakika kumi, wenzangu! Bibi alifika hospitalini mchana, akatiwa dawa ya kuvuta, na jioni akaanza kuniuliza kama nimekula.

Usiku ule nilimweleza mjomba ukweli. Hakunipiga wala hakunigombeza. Alinyamaza kitambo, kisha akatia mkono mfukoni akanipa kile kipande cha pini iliyokatika. "Weka," akasema. Mpaka leo kimo katika kisanduku changu cha vifaa vya hesabu.

Kabla sijaiweka kalamu chini, nina mambo matatu kwa wenzangu wa pwani na wa ziwani ambao likizo hupewa boti waziendeshe. Kwanza, kabla hujang'oa nanga fungua kopo la vipuri uhesabu pini kwa macho yako. Pili, usitie msumari wala chuma chochote kigumu mahali pa pini. Tumia iliyotengenezwa kwa mashine hiyo. Tatu, na hili ni kubwa kuliko yote, zima mashine kabisa mtu anapoingia au kutoka majini karibu na boti. Rafadha ya mapanga matatu inayozunguka mara 2,000 kwa dakika hupitisha panga mahali pamoja mara 100 kwa sekunde. Hakuna mkono wala mguu utakaoondolewa upesi kiasi hicho, na mwili wa mtu hauna pini ya kukatika kwa niaba yake.

Bibi bado yuko nasi, na kila nikienda likizo huniagiza samaki na kuniuliza habari za masomo. Pini hajui habari zake. Wewe msomaji ukifika Pate usimwambie.