Picha ya Mbele ya Video

Mwenye daftari alifungue, na mwenye simu aiweke karibu, maana leo tutaitumia.

Tunazungumza juu ya picha ile ndogo ikaayo mbele ya video katika intaneti. Mtazamaji huiona hiyo kwanza, ndipo anapoamua: nifungue, au nipite?

Tuseme fundi cherehani ametengeneza video ya kufundisha kukata gauni. Amefanya kazi siku nzima. Akiipeleka YouTube, mtambo utampa picha tatu zilizotolewa ndani ya video yake, achague moja. Mara nyingi hazifai: katika hii fundi amefumba macho, katika ile mkono umefunika kitambaa. Afadhali aweke picha aliyoipiga mwenyewe. Lakini kwanza ni lazima aithibitishe namba yake ya simu, ndipo apewe ruhusa hiyo.

Kipimo kilichozoeleka ni nukta 1280 kwa upana na 720 kwa kimo. Kikubwa hicho! Lakini mtu akitafuta video kwa simu, mara nyingi picha huonekana ndogo kama kibiriti. Kwa hiyo iwe na jambo moja tu: gauni lenyewe, au mkono na mkasi juu ya kitambaa. Si cherehani, wateja, duka na paka vyote pamoja. Kitambaa chekundu kitaonekana vema mbele ya ukuta mweupe. Cheusi mbele ya ukuta wa udongo kitapotea.

Maneno nayo yawe machache, kwa herufi nene: GAUNI KWA MITA 2. Asiandike pembeni chini, upande wa kulia, kwa sababu hapo YouTube huweka urefu wa video, na ile 2 itafunikwa. Ninyi mnaojifunza kusoma ndio waamuzi wazuri wa kazi hii. Mkishindwa kuyasoma mara moja, kosa si lenu, ni la fundi.

Wako watu waongo. Huweka picha ya gauni la arusi, na ndani hakuna arusi wala gauni. Mtazamaji hutoka upesi, na bando lake limekwisha liwa. Hasara haiishii kwake. Tangu mwaka 2024 YouTube imewapa watengenezaji njia ya kujaribu picha mpaka tatu kwa video moja, kila moja ikionyeshwa kwa watazamaji mbalimbali. Inayoshinda si ile iliyofunguliwa na watu wengi, bali ile iliyowafanya watu watazame kwa muda mrefu zaidi. Kwa kipimo hicho picha ya uongo inaweza kushindwa na picha ya kweli. Tena picha ya kudanganya inakatazwa na sheria za YouTube, na video yaweza kuondolewa.

Sasa zoezi. Fikirieni kazi mnayoijua: kufuma mkeka, kupika maandazi, kuziba pancha. Chora picha yake ya mbele katika nafasi ya kibiriti, uandike maneno yasiyozidi manne. Kisha jirani yako asimame hatua tatu mbali, aisome kwa sauti. Akikwama, futa neno moja, ajaribu tena.

Kwaherini mpaka juma lijalo.