Kiganja Hakikatwi

Wazee wetu wa pwani walinena: mwana akinyea kiganja, hakikatwi. Methali hii nimeisikia tangu utotoni, lakini maana yake niliiona kwa macho huko bara, Kitale na Bungoma.

Nilikuwa mgeni wa binamu yangu mwenye duka mjini Kitale. Asubuhi moja tulipita penye skuli ya msingi, tukamkuta kijana akikata nyasi kwa fyekeo, jasho likimtiririka. Hakuwa na pingu wala askari wa kumlinda. "Huyo ni mfungwa," binamu akanambia. "Kortini kaambiwa afanye kazi mchana, usiku alale kwake. Hiyo nayo ni adhabu?"

Swali hilo nilisafiri nalo. Siku ya pili nilishika njia ya Bungoma, kupitia Kiminini na Webuye, na huko kwenye zahanati nikamkuta mama wa makamo akipiga deki. Alipatikana na hatia ya kuuza chang'aa, na faini hakuwa nayo. Nilipomuuliza analipwa nini, alicheka. "Silipwi, mzee. Mimi ndiye ninayelipa. Ningefungwa, watoto wangu wangelala kwa nani?"

Sheria hiyo ya huduma kwa jamii ilipitishwa nchini Kenya mwaka 1998, ikachukua mahali pa mpango wa zamani wa kazi za nje ya gereza. Huwahusu wale ambao kosa lao halizidi kifungo cha miaka 3, au ambao hakimu ameona miaka 3 au chini yake yawatosha. Kwanza ofisa huchunguza hali ya mkosaji. Kisha mkosaji mwenyewe huulizwa kama yu radhi. Akikubali, hupewa kazi ya barabara, kupanda miti, kukarabati skuli na hospitali, au kuhudumu katika nyumba ya mayatima. Akikaidi, hurudishwa mbele ya hakimu.

Kwetu Waislamu jambo hili si geni. Imepokewa kwamba baada ya vita vya Badri, mwaka wa 2 Hijria, mateka waliojua kuandika na wasiokuwa na fidia waliachwa huru kwa kuwafundisha watoto wa Madina, kila mmoja watoto 10. Na kafara ya kiapo je? Ni kulisha maskini 10. Kosa la mtu mmoja likawa shibe ya wengine.

Hata hivyo, aliyeibiwa kuku wake hawezi kuridhika akimwona mwizi amesimama kivulini na fyekeo mkononi. Kazi na iwe kazi, saa zake zihesabiwe, na iwe ya umma, isije ikageuka kuwa kulima shamba la mkubwa. Hiyo ni amana.

Niliporudi Kitale nilimjibu binamu yangu: "Uwanja ule ndimo achezamo mwanao." Alinyamaza kitambo. Kesho yake tulipopita tena, yeye ndiye aliyetangulia kumtolea kijana yule salamu.