Taya likiuma, usiharakishe kuchongwa meno

JE, taya lako hulia 'ka!' unapopiga miayo? Huamka asubuhi mashavu yamechoka, sikio linauma, lakini daktari akilichunguza haoni kasoro? Huenda shida iko kwenye kiungo cha taya, mbele kidogo ya sikio. Weka vidole hapo ufungue kinywa, utakihisi kikisogea.

Ndani ya kiungo hicho mna kisahani laini kinachozuia mifupa kusuguana. Kikiteleza kutoka mahali pake, taya hulia. Mlio usio na maumivu hauhitaji matibabu.

Kwa miaka mingi, lawama zilitupiwa jinsi meno yanavyokutana. Mwaka wa 1934 daktari wa masikio James Costen, wa Marekani, alieleza kwamba mtu aliyepoteza magego hufunga kinywa kupita kiasi na kukibana kiungo. Baadaye wagonjwa wengi walichongwa meno ili yakutane sawasawa.

Siku hizi wataalamu wana maoni tofauti. Kuna watu wengi ambao meno yao hayakutani sawasawa na hawaumwi. Wengine yamepangika vizuri na bado wanaumwa. Isitoshe, kiungo kikivimba, chenyewe hubadilisha jinsi meno yanavyokutana. Yaani, unachodhani ni chanzo huenda kikawa matokeo.

Mara nyingi yanayochangia ni kukaza meno kwa sababu ya wasiwasi, kuyasaga usingizini, kugongwa tayani, au kutafuna kwa saa nyingi, iwe chingamu au miraa. Usipokuwa ukitafuna au kumeza, meno ya juu na ya chini hayapaswi kugusana. Funga midomo, achanisha meno.

Kwa majuma machache kula vyakula laini, kanda shavu kwa kitambaa chenye maji ya moto, na ushikilie kidevu unapopiga miayo. Wengi hupata nafuu. Usipopata, daktari wa meno anaweza kukutengenezea kifuniko cha plastiki cha kuvaa usiku.

Iwapo maumivu yalianza punde baada ya kuzibwa jino, rudi kwa daktari apunguze palipozidi. Lakini ukishauriwa kuchongwa meno mengi mazima kwa ajili ya taya, tafuta kwanza maoni ya daktari wa pili. Jino likishachongwa halioti tena.

Taya likikwama, nenda hospitalini. Na likiuma pamoja na kifua, usingoje hata kidogo: huenda ni moyo.