Majitaka ya magari-nyumba: Mzigo kwa kijiji au mlango wa biashara?

KILA ndoo ya maji safi inayoingia ndani ya nyumba hutoka ikiwa majitaka. Mwenye nyumba mjini ana karo au bomba la mtaa, na wa kijijini ana choo cha shimo. Je, nyumba hiyo ikiwa na magurudumu, leo ikalala kijiji hiki na kesho kingine, majitaka yake atayabeba nani?

Swali hili limevikabili vijiji vingi vya Ufaransa, moja ya nchi za Ulaya ambako safari za magari-nyumba zimeshamiri. Gari-nyumba ni gari lenye vitanda, jiko, choo na mara nyingi bafu. Ndugu yake ni karavani, yaani kijumba cha magurudumu kinachokokotwa na gari dogo. Wasafiri wengi wa aina hii ni wastaafu na familia zenye watoto, na hupenda kulala vijijini kuliko hotelini.

Ndani ya gari-nyumba majitaka hugawanyika mara mbili. Maji ya kuoshea vyombo na kuogea huingia kwenye tangi lililofungwa chini ya gari, ambalo kwa kawaida huchukua lita 100 hivi. Uchafu wa chooni huenda kwenye kitanki cha pekee cha lita 20 hivi, ambacho mwenye gari hukichomoa kwa nje na kwenda kukimwaga. Kwa watu wawili, kitanki hicho hujaa baada ya siku mbili au tatu. Hapo ndipo uaminifu wa msafiri hupimwa.

Sheria za Ufaransa zinakataza kumwaga majitaka barabarani, mtaroni au porini. Hata hivyo, msafiri mwenye tangi lililojaa na asiyejua pa kulimwaga hushawishika kufungua koki usiku. Hasara yake humwangukia mwingine. Maji ya vyombo yana mafuta, sabuni na mabaki ya chakula, ambayo huoza, hutoa harufu na kupunguza hewa ndani ya maji ya kijito. Uchafu wa chooni una vijidudu vya maradhi vinavyoweza kufika kwenye kisima au mahali mifugo inapokunywa.

Wapo pia wanaodhani kwamba kumwaga kwenye kitundu cha maji ya mvua kando ya barabara si kosa. Sehemu nyingi bomba hilo halipitii kwenye mtambo wa kusafisha, bali huenda moja kwa moja mtoni.

Baadhi ya halmashauri zilijibu kwa ukali. Ziliweka mabango ya kukataza magari-nyumba, au fito za chuma juu ya milango ya maegesho ili gari refu lisipite. Njia hiyo hupunguza uchafu mahali hapo, lakini humfukuza pia mteja wa mwoka mikate, muuza nyama na mkulima wa matunda. Isitoshe, msafiri akifukuzwa hapa huhamia kijiji cha pili na tangi lake bado limejaa.

Jetoni kwa mwoka mikate

Halmashauri nyingine zilitazama suala hili kibiashara, zikajenga vituo vya huduma. Kituo chenyewe ni kitu rahisi: sakafu ya zege yenye mteremko, wavu katikati wa kupokea maji ya tangi, tundu la pekee la kumwagia kitanki cha choo, na mabomba mawili. Bomba moja ni la maji ya kunywa, na jingine ni la kusuuzia kitanki. Mabomba hayo hutenganishwa ili mtu asiguse kwa kitanki kichafu mahali ambapo mwenzake atajaza maji ya kunywa. Majitaka yote huelekezwa kwenye mfumo wa kijiji wa kuyasafisha.

Vituo vingine ni bure, na vingine hutoza euro chache. Panapotozwa, mashine mara nyingi hutumia jetoni, na jetoni hiyo huuzwa katika ofisi ya utalii, dukani au kwa mwoka mikate. Msafiri aliyekuja kumwaga majitaka hujikuta ndani ya duka, na ni nadra mtu kuingia kwa mwoka mikate akatoka mikono mitupu.

Tufanye hesabu ya mfano. Kijiji kikipokea magari 10 kwa siku, kila moja likilipa euro 3, halmashauri hupata euro 30. Kila gari likitumia euro 15 kwa mkate, nyama, jibini na matunda, wafanyabiashara hupata euro 150. Kwa msimu wa siku 100, halmashauri itakuwa imekusanya euro 3,000 na maduka yatakuwa yameuza bidhaa za euro 15,000. Faida kubwa ya kituo, kwa hiyo, iko kwenye maduka yanayokizunguka kuliko kwenye ada.

Wakulima nao hawakubaki nyuma. Tangu mwaka 1993, mpango uitwao France Passion umewaunganisha wenye magari-nyumba na wakulima wa zabibu, wafugaji, watengeneza jibini na wafuga nyuki. Msafiri hulipia uanachama wa mwaka, kisha huruhusiwa kulala bure shambani kwa mwanachama mwenyeji kwa muda usiozidi saa 24. Halazimiki kununua kitu, ila mazao yapo mbele yake na mwenye shamba yupo. Sharti mojawapo ni kwamba gari lijitosheleze kwa choo na matangi, na asimwage chochote shambani. Bila sharti hilo mkulima asingefungua lango lake.

New Zealand imetilia mkazo gari lenyewe. Cheti cha gari linalojitosheleza hutolewa kwa gari ambalo abiria wake wanaweza kukaa siku tatu bila kuongeza maji wala kumwaga majitaka. Sheria iliyopitishwa mwaka 2023 iliongeza kwamba choo lazima kiwe kimefungwa imara ndani ya gari. Kile cha kubebeka hakitoshi tena. Lakini hata gari lenye cheti litajaza tangi lake siku ya nne, na bila mahali pa kulimwaga, tatizo litakuwa limeahirishwa tu.

Kwa wenye kambi

Tanzania nayo hupitiwa na wasafiri wanaovuka Afrika kwa magari ya kulala, na baadhi yao huomba kulala kwenye kambi na mashamba ya watu. Mwenye eneo anayetaka kuwapokea hana budi kupanga mambo machache mapema. Shimo la majitaka liwe umbali usiopungua mita 30 kutoka kisimani. Maji ya vyombo yapitie kwanza kwenye kichujio cha kuzuia mafuta. Yasimwagiwe mboga zinazoliwa mbichi.

Aidha, amuulize mgeni ni dawa gani ametia kwenye kitanki cha choo. Nyingi za dawa hizo hudhoofisha bakteria, na bakteria ndio wanaofanya kazi ya kuozesha uchafu ndani ya karo. Vitanki vingi vyenye dawa kali vikimwagwa kwenye karo dogo, karo hufanya kazi taratibu na hujaa upesi.

Mwisho, gharama ya kunyonya karo iingizwe kwenye bei ya kulala tangu mwanzo, na mgeni aonyeshwe pa kumwagia siku ile ile anapofika. Asipoonyeshwa, atapatafuta mwenyewe, na huenda pakawa mtaro unaoelekea kwenye bustani ya jirani.