Njaa Haimfundishi Kasuku Kukuamini

Swali ni lile lile kila mara: nimnyime chakula siku ngapi ndipo anizoee? Huulizwa na watu wenye nia njema, waliokubali kumlea kasuku wa kijivu aliyenaswa kwa ulimbo katika misitu ya Kongo, au aliyefungiwa miaka mingi na mtu ambaye hatimaye alimchoka. Jirani kawaambia, muuza ndege kawaambia, hata mfugaji wa siku nyingi kawaambia kwamba ndege mkaidi hulainishwa na tumbo tupu. Jibu ni fupi: usimnyime hata siku moja. Ushauri huo unaua, na hata pale usipoua, haufikishi mtu anakotaka kufika.

Tuanze na mwili. Kasuku mzima wa kijivu ana uzito wa gramu 400 hadi 500 hivi, na mwili wake huunguza chakula haraka kuliko wetu. Akipoteza sehemu moja ya kumi ya uzito huo, tayari ni mgonjwa wa kupelekwa kwa daktari. Wengi wa wanaookolewa wamekuwa wakilishwa alizeti peke yake, chakula chenye mafuta tele na upungufu wa kalsiamu na vitamini A. Kalsiamu ikishuka, kasuku wa kijivu hupatwa na degedege upesi kuliko kasuku wengi wengine. Ini lililokwisha kujaa mafuta nalo huzidi kuelemewa chakula kinapokatizwa ghafla, kwa kuwa mwili huyeyusha mafuta yake na kuyapeleka huko huko. Isitoshe, ndege anayewindwa porini huficha ugonjwa mpaka nguvu zimwishie. Kwa hiyo mfugaji anayefurahi siku ya tatu kwamba ndege ametulia na haumi tena, anautazama udhaifu na kuuita upole.

Wapo watakaosema: lakini wangu alinyimwa, na sasa anachukua karanga mkononi mwangu. Ni kweli anachukua. Mtazame akishaimeza. Akirukia pembe ya mbali ya tundu, akabana manyoya mwilini na kunguruma, basi amejifunza kuvumilia hofu kwa sababu hana njia nyingine. Imani hupimwa kwa ndege aliyeshiba, mwenye nafasi ya kuondoka, ambaye anachagua kusogea. Ushahidi wa jambo hili unajulikana. Alex, kasuku wa kijivu aliyenunuliwa na mtafiti Irene Pepperberg katika duka la eneo la Chicago mwaka 1977, alijifunza majina ya vitu vipatavyo 50, rangi na maumbo, bila njaa kuwa fimbo yake. Watu wawili walifundishana mbele yake, na tuzo ilikuwa kitu chenyewe alichokitaja: akitaja karatasi, alipewa karatasi. Akichoka, aliomba kurudishwa mahali pake. Ndege mwenye uwezo wa kukataa ndiye aliyefundishika kuliko kasuku wote wanaojulikana.

Pingamizi zito zaidi ni la kozi. Oman na nchi nyingine za Ghuba zina ustadi mkubwa wa kufunza kozi, na kupunguza chakula ni sehemu ya kazi hiyo. Lakini kozi ni mwindaji, ambaye porini hushiba leo na kesho akakosa, na fundi wake humpima kwa mizani kila siku ili asishuke chini ya uzito wa kuruka. Tena fundi anamfunza kurudi penye nyama, basi. Kasuku ni ndege wa kundi, hutafuta chakula pamoja na wenzake na hulala kwenye miti pamoja na mamia yao. Usalama wake wote umejengwa juu ya kujua nani ni mwenzake, na anayemwondolea chakula hawezi kuhesabiwa humo.

Basi fanya hivi. Pata kibali kwanza, Kenya kwa shirika la wanyamapori, KWS, Uganda kwa mamlaka ya wanyamapori, UWA. Kibali kinahitajika kwa kuwa kasuku huyu aliwekwa kwenye Kiambatisho I cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, katika mkutano wa Johannesburg mwaka 2016. Usimnunue kwa muuzaji kwa huruma, maana pesa yako itagharimia mtego unaofuata. Mpeleke kwa daktari, mtenge na ndege wengine mwezi mzima. Weka tundu ukutani, mbali na jiko: mvuke wa sufuria isiyogandisha chakula, ikipata moto kupita kiasi, humwua. Parachichi na chokoleti ni mwiko. Badilisha chakula polepole, mpime kila asubuhi. Bakuli lisikauke, kile akipendacho kuliko vyote ndicho pekee kitoke mkononi mwako. Sogea mpaka anapokaza mwili, kisha rudi nyuma, ajue kwamba umemsikia. Usimkamate kwa glavu ili umzoeze. Tarajia miezi, pengine mwaka na zaidi.

Kasuku huyu anaweza kuishi miaka 40 au zaidi, hivyo mwaka mmoja wa subira si gharama kubwa. Asiyeweza kuutoa asimchukue, na kituo cha uokoaji kinachomkabidhi ndege kwa mtu anayepanga kumshindisha njaa hakijamwokoa.