Maana za Kitenzi "Carry" na Visawe Vyake vya Kiswahili

Mfasiri aliyezoea kamusi za lugha mbili hujibu upesi kwamba "carry" ni kuchukua au kubeba. Jibu hilo si kosa, ila halitoshi. Kitenzi hicho cha Kiingereza chatuarifu tu kwamba aendaye ana mzigo. Mzigo uko wapi mwilini, hakisemi. Kiswahili aghalabu hutaka kujua.

Kando ya barabara iendayo Musoma, pale Nyakato mjini Mwanza, tofauti hizo zaweza kuonekana asubuhi moja. Mchuuzi wa dagaa amejitwika beseni. Kama ni zito, mwenziwe ndiye aliyemtwika, naye akifika atatua. Mama amemweleka mtoto mgongoni. Akiingia katika daladala akaketi, humpakata. Kijana amekwapata daftari, na fedha amezifutika kibindoni. Mwingereza aweza kuwaeleza wote kwa neno lile lile.

Jambo hili si la mapambo. Tuseme yafasiriwa taarifa ya ajali isemayo kwamba mama alikuwa "carrying" mtoto wake. Mfasiri akiandika "amempakata", amekwisha kumketisha. Akiandika "amemweleka", yamkini msomaji atamwona akitembea kwa miguu. Ikiwa taarifa haibainishi, "amembeba" ndilo neno la haki, kwa kuwa halimwongezei shahidi maneno.

Huku bara kueleka, au kubeleka, ni neno la nadra. Wengi husema kubeba mgongoni. Hata hivyo mbeleko, nguo ya kumfungia mtoto mgongoni, ingali midomoni mwa watu. Kutua nako kumeacha mtoto wake: kituo. Wapagazi wa misafara ya karne ya 19, ambao wengi wao walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma, walitua mizigo kituoni. Leo abiria hushuka kituoni hata kama hana mzigo wowote.

Kuchukua kumetanuka kwa njia yake. Achukuaye kalamu mezani si lazima aende nayo popote. Safari huchukua saa mbili. Rangi zipatanazo huchukuana.

Katika maana za mafumbo, visawe hivi huachwa karibu vyote. Hoja hupita, sauti hufika mbali, neno la mzee huwa na uzito. Mbu wa malaria, hata hivyo, husemwa hubeba vimelea, na matumizi hayo yamekwisha kukubalika.